Chungwa na Karoti katika Mizani ya Historia

Siku ya Jumapili ya Matawi, tarehe 8 Aprili 1498, mfalme wa Mombasa aliwapelekea wageni waliotia nanga mbele ya mji wake kondoo mmoja, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wageni hao walikuwa Wareno wa Vasco da Gama. Miezi miwili hivi kabla ya hapo, walipokuwa wakipumzika katika mto wa Quelimane, wengi wao walishikwa na maradhi ya kutisha: mikono na miguu ilivimba, na nyama ya fizi ikakua mpaka ikafunika meno, hata mgonjwa asiweze kula. Maradhi hayo ndiyo kiseyeye. Wareno hawakukaa Mombasa kwa amani, na baada ya siku chache waliondoka kwa shaka na uadui. Lakini mmoja wao, aliyeandika habari za safari ile, hakuacha kutaja jambo moja jema juu ya mji ule, kwamba wagonjwa walipata nafuu hapo. Sababu aliyoitoa ni uzuri wa hewa. Machungwa aliyataja katika habari ya zawadi. Katika habari ya uponyaji hakuyataja.

Kutoka Malindi merikebu zilivuka bahari mpaka Calicut kwa muda usiotimia mwezi, kwa kuwa rubani alikuwa mjuzi na upepo ulikuwa wa majira yake. Marejeo yalikuwa kinyume. Vasco da Gama aliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijatulia, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu. Wenyeji wa pwani zote za bahari ile walikuwa wakizipanga safari zao kwa kusi na kaskazi tangu zamani, na kwa desturi hiyo walikaa baharini siku chache. Wareno waliovunja desturi hiyo walilipa kwa roho zao. Watu 30 hivi walikufa kabla ya kuiona nchi kavu, na katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499, nahodha mkuu alituma mtu pwani alete machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Yaliletwa kesho yake pamoja na matunda mengine. Walakini wengi walikuwa wamekwisha kudhoofika kupita kiasi, wakafa papo hapo Malindi.

Habari hizi mbili za pwani ya Afrika Mashariki zafaa kuwekwa mwanzoni mwa kila mazungumzo juu ya thamani ya vyakula. Katika Mombasa, watu walipona wasijue kilichowaponya. Katika Malindi, miili yao ilikwisha kujua kilichotakiwa kabla akili haijakijua, lakini wakati ulikuwa umepita. Katikati ya kupona bila kujua na kujua baada ya kuchelewa, hapo ndipo ilipolala historia yote ya elimu ya lishe.

Swali ambalo huulizwa mara nyingi, kwamba lililo bora ni chungwa au karoti, laonekana kuwa jepesi. Vitu hivi viwili vina sababu za kuwekwa pamoja. Lugha ya Kiswahili yenyewe huiita rangi ya karoti rangi ya machungwa, na jicho huvihesabu kuwa ndugu. Mizani nayo huanza kwa kulikubali jicho. Katika gramu 100 za chungwa lililomenywa mna maji gramu 87 hivi, na katika gramu 100 za karoti mbichi mna maji gramu 88. Nguvu inayopatikana katika chungwa ni kalori 47, na katika karoti ni kalori 41. Nyuzi za chungwa ni gramu 2.4, za karoti gramu 2.8. Chokaa ya chungwa ni miligramu 40, ya karoti ni miligramu 33. Mpimaji akikomea hapo, atasema kwamba hapana tofauti kubwa, na kwamba kila mtu na ale apendacho.

Lakini mizani ikiendelea, ndugu hao huachana. Katika gramu zile zile 100, chungwa lina vitamini C miligramu 53 hivi, na karoti ina miligramu 6 tu. Kwa upande wa vitamini A, ikihesabiwa kama mwili unavyoweza kuitumia, karoti hutoa mikrogramu 835, na chungwa hutoa mikrogramu 11. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mwanamume mzima huhitaji kwa siku miligramu 90 za vitamini C na mikrogramu 900 za vitamini A. Mtu atakaye kupata haja yake yote ya vitamini A katika machungwa itampasa ale zaidi ya kilo nane kwa siku, kazi isiyowezekana. Naye atakaye kupata haja yake yote ya vitamini C katika karoti mbichi itampasa ale kilo moja na nusu, kazi inayochosha, ingawa si muhali. Tofauti hii ndiyo iliyoamua mambo mengi ya uhai na mauti. Nayo haikugunduliwa kwa mara moja, wala na mtu mmoja, wala katika nchi moja.

Upande wa chungwa ulianza kufahamika kwanza, kwa sababu kiseyeye huua hadharani. Tarehe 20 Mei 1747, tabibu James Lind wa merikebu ya kivita Salisbury ya Uingereza aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili katika mafungu sita. Fungu la kwanza lilipewa pombe ya matofaa. La pili, matone ya dawa ya asidi ya salfa. La tatu, siki. La nne, maji ya bahari. La tano, machungwa mawili na limau moja kwa kila mtu kila siku. La sita, dawa iliyochanganywa na vitunguu saumu na viungo vingine, pamoja na maji ya shayiri. Machungwa na malimau yalikwisha baada ya siku sita. Lakini siku sita zilitosha: mmoja katika wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenziwe alipata nguvu kiasi cha kuwekwa kuwauguza waliobaki.

Mtu angedhani kwamba habari ilikwisha hapo. Haikuwa hivyo. Lind alitoa kitabu chake juu ya kiseyeye mwaka wa 1753, lakini yeye mwenyewe hakuamini kwamba maradhi yale yana sababu moja tu. Aliendelea kuulaumu unyevu, baridi na hewa mbaya ya merikebuni. Zaidi ya hayo, alishauri maji ya machungwa na malimau yachemshwe taratibu mpaka yawe mazito, yapate kuchukuliwa safarini kwa urahisi. Hakujua kwamba moto huo ulikuwa ukiondoa ile nguvu iliyokusudiwa kuhifadhiwa. Dawa ilitiwa chupani ikiwa imekwisha kufa. Ilipasa kungoja mpaka mwaka wa 1795, miaka 42 baada ya kitabu kile, ndipo wakuu wa jeshi la maji la Uingereza walipokubali, kwa kuhimizwa na tabibu Gilbert Blane, kuwapa mabaharia maji ya malimau.

Wala ushindi huo haukudumu bila kutiwa doa. Katika karne ya 19 malimau ya nchi za Bahari ya Kati yalibadilishwa kwa ndimu za visiwa vya Karibi, kwa dhana kwamba tunda chachu ni tunda chachu tu. Ndimu zina vitamini C kidogo kuliko malimau, na maji yake yalipowekwa muda mrefu na kupitishwa katika mabomba ya shaba yalipungua nguvu zaidi. Msafara wa Waingereza uliokwenda kaskazini ya dunia mwaka wa 1875 ulichukua maji ya ndimu, na kiseyeye kikawapata watu wake vile vile. Ndipo wataalamu wengine wakaanza kusema kwamba machungwa na malimau hayakuwa dawa kamwe. Kosa lilikuwa ni kuuamini uchachu, sifa inayoonjwa kwa ulimi, kwamba ndiyo dawa.

Upande wa karoti ulipotoshwa na jicho, kama ule wa chungwa ulivyopotoshwa na ulimi. Karoti za kale, zilizolimwa katika nchi za Uajemi na Afuganistani yapata miaka 1,000 iliyopita, hazikuwa na rangi ya machungwa. Nyingine zilikuwa za zambarau na nyingine za manjano. Karoti ya rangi ya machungwa ilienea kutoka Uholanzi katika karne ya 17. Mwaka wa 1831 mwanakemia Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitoa rangi hiyo katika mizizi ya karoti, akaipa jina la karotini kwa kufuata jina la mmea wenyewe. Kwa muda wa karibu miaka 100, karotini ilihesabiwa kuwa rangi na kupita.

Wakati huo huo watoto walikuwa wakipofuka. Mtu anayepungukiwa na vitamini A hupoteza kwanza uwezo wa kuona katika giza dogo la magharibi; kisha jicho hukauka, na mwishowe kioo chake hutoboka na kuharibika kabisa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jambo hilo lilitokea Denmark, nchi iliyojaa ng'ombe na maziwa. Siagi ya Denmark iliuzwa nje kwa bei nzuri. Watoto wa maskini walipewa maziwa yaliyokwisha kuondolewa mafuta, pamoja na majarini isiyokuwa na vitamini. Tabibu Carl Bloch aliwaona watoto hao hospitalini wakiwa na macho yaliyokauka, akawatibu kwa maziwa yenye mafuta yake na kwa mafuta ya ini la samaki. Usafirishaji ulipozuiwa na vita, na siagi ikabaki nchini na kugawiwa watu kwa kipimo, maradhi yalipungua. Hivyo biashara iliwapofusha watoto, na kizuizi cha vita kikayaokoa macho yaliyosalia.

Elimu ya mambo haya ilihitaji wanyama wawili mbalimbali. Mwaka wa 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walikuwa wakitafuta sababu za maradhi mengine ya mabaharia, wakawalisha nafaka tupu simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa majumbani. Simbilisi wakashikwa na kiseyeye. Ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu simbilisi, kama mwanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Panya huweza, kwa hiyo mtu aliyewatumia panya peke yao asingeijua kamwe siri ya chungwa. Lakini panya hawezi kuishi bila vitamini A, na ni kwa panya kwamba Elmer McCollum na Marguerite Davis walionyesha huko Marekani, mwaka wa 1913, kwamba ndani ya mafuta ya siagi na ya mayai mna kitu kisichoonekana ambacho bila yake mnyama haendelei kukua. Simbilisi alikuwa mwalimu wa chungwa, panya akawa mwalimu wa karoti.

Lilibaki fumbo la rangi. Mwaka wa 1919 Harry Steenbock, naye wa Marekani, aliona kwamba mahindi ya manjano huwakuza panya na mahindi meupe hayawakuzi. Kwamba karoti na viazi vitamu vya manjano vinafaa, na mizizi myeupe haifai. Ilielekea kwamba ile rangi ya manjano yenyewe ndiyo vitamini. Lakini mafuta ya ini, yaliyokuwa na nguvu kupita vyote, hayakuwa na rangi hiyo. Thomas Moore wa Cambridge alilifumbua fumbo hilo yapata mwaka wa 1930: aliwalisha karotini panya waliokosa vitamini A, akakuta katika maini yao vitamini A isiyo na rangi. Mwili huichukua rangi ya karoti, ukaigeuza kuwa vitamini, ukaiweka akiba katika ini. Chungwa, pamoja na rangi yake yote, lina karotini kidogo sana ya namna hiyo. Ndugu wawili wa rangi moja walikuwa wametengana.

Upande wa pili nao ulikuwa ukikamilika. Mwaka wa 1928 Albert Szent-Györgyi, Mhungaria, alitangaza kwamba amepata asidi ngeni katika tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, na vile vile katika machungwa na kabichi. Mwaka wa 1932 ilithibitika kwamba asidi hiyo ndiyo vitamini C. Naye baadaye aliipata kwa wingi katika pilipili nyekundu za mji wa Szeged. Mwaka wa 1937 Szent-Györgyi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na tuzo ya kemia ya mwaka ule ule iligawanywa kati ya Norman Haworth, aliyefanya kazi juu ya umbo la vitamini C, na Paul Karrer, aliyefanya kazi juu ya karotini na vitamini A. Katika tuzo moja ya mwaka mmoja chungwa na karoti viliketi pamoja, kila kimoja kikiwa na heshima yake.

Hata hivyo kujua umbo la kitu katika chupa si kujua haja ya mtu mzima anayefanya kazi. Jambo hilo lilipimwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika mji wa Sheffield, Uingereza. Katika nyumba moja ya mji huo walikaa vijana waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, wakajitolea miili yao ijaribiwe chini ya uangalizi wa Kenneth Mellanby na Hans Krebs. Kuanzia mwaka wa 1942 watu 23 waliingia katika jaribio la vitamini A. 16 kati yao walinyimwa vitamini hiyo na karotini pia. Miezi ilipita, na wengine walifikia karibu miaka miwili. Katika watu hao 16, watatu tu walionyesha upungufu ulio wazi, kwa damu yao na kwa kushindwa kuona gizani. Waliobaki walikuwa wakiishi kwa akiba ya maini yao. Akiba haiozi, na mwili wa mtu mzima aliyekula vizuri huijua methali hiyo.

Kuanzia mwaka wa 1944 jaribio la vitamini C lilifuata, la watu 20. Kumi walinyimwa kabisa. Saba walipewa miligramu 10 kwa siku. Watatu walipewa miligramu 70. Kwa wale kumi, baada ya majuma 17 hivi vinyweleo vya ngozi vilianza kuvimba, na baadaye fizi zikavimba na kutoka damu, kama zilivyokuwa fizi za Wareno katika mto wa Quelimane. Majeraha madogo waliyotiwa makusudi mapajani hayakufunga vizuri, kwa sababu bila vitamini C mwili hauwezi kuzifunga sawasawa nyuzi zinazoshikanisha nyama. Wote kumi walipatwa. Walipopewa miligramu 10 kwa siku walipona. Wale saba waliopewa kiasi hicho tangu mwanzo hawakuugua kiseyeye.

Matokeo ya Sheffield ndiyo jibu bora lililopata kutolewa kwa swali la chungwa na karoti, ingawa swali halikuulizwa kwa maneno hayo. Yalionyesha kwamba tofauti ya vyakula hivi si ya wingi wa vitamini tu; ni tofauti ya wakati pia. Vitamini C haikai. Ni mgeni wa kila juma, na asipokaribishwa tena huaga. Vitamini A huwekwa ghalani, na mtu mzima mwenye ghala iliyojaa aweza kuikosa miezi mingi asidhurike. Kwa hiyo kiseyeye kilikuwa adui wa baharia, mtu mwenye nguvu aliyetengwa na shamba kwa miezi mitatu. Upofu wa vitamini A ulikuwa adui wa mtoto mdogo, ambaye ghala yake haijapata kujazwa, hasa akizaliwa na mama aliyepungukiwa. Kila upungufu ulichagua watu wake.

Tena miligramu 10 zile zatoa hesabu yenye mafunzo. Hupatikana katika kipande cha chungwa cha gramu 19, na hupatikana katika karoti mbichi za gramu 170, yaani karoti tatu za wastani. Baharia aliyekosa machungwa lakini ana karoti mbichi za kutosha angeweza kukizuia kiseyeye. Mtoto aliyekosa karoti na vyakula vya jamii yake hawezi kuyaokoa macho yake kwa machungwa. Kwa hesabu hiyo karoti yaweza kumsaidia chungwa kazi yake kwa shida, lakini chungwa haliwezi kuifanya kazi ya karoti. Wala karoti haikosi masharti. Vitamini C hupungua kwa moto na kwa maji ya kupikia, kwa hiyo chungwa hutaka kuliwa jinsi lilivyo. Lakini karotini imefungiwa katika nyuzi ngumu za mzizi, na kupikwa huifungua, na mafuta kidogo huipitisha tumboni. Moto ulioiua dawa ya Lind ndio unaoifaidia karoti.

Vita ile ile iliyoleta majaribio ya Sheffield ilileta pia hadithi iliyopotosha watu wengi. Machungwa yalikuwa haba Uingereza kwa sababu merikebu zilizamishwa, na yaliyopatikana yalitangulizwa kwa watoto. Karoti zilikuwa nyingi, kwa kuwa zililimwa nchini, na Wizara ya Chakula iliwahimiza watu wazile kwa picha za mhusika wa kuchora aliyeitwa Daktari Karoti. Katika siku hizo rubani John Cunningham alipata sifa kwa kuziangusha ndege za Wajerumani usiku, na habari zikaenezwa kwamba macho ya marubani yamenolewa kwa karoti. Kilichowaonyesha adui gizani kilikuwa ni chombo cha rada ndani ya ndege, siri iliyofichwa wakati ule. Karoti humrudishia mwangaza wa usiku mtu aliyeupoteza kwa kukosa vitamini A. Aliye nayo ya kutosha haimwongezei kitu. Chakula huziba pengo. Pasipo na pengo, hakina la kuziba.

Hadithi kama hiyo yaweza kuchekesha katika nchi yenye shibe, lakini sivyo mahali penye upungufu. Mwaka wa 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao katika vijiji vya Aceh, Indonesia, ambako watoto wadogo walipewa vitamini A mara mbili kwa mwaka. Katika vijiji vilivyopewa, vifo vya watoto vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja vikilinganishwa na vijiji vilivyokuwa havijapewa. Ilidhihirika kwamba upofu ulikuwa dalili ya mwisho tu. Kabla jicho halijakauka, mtoto huwa amekwisha kupungukiwa na kinga ya maradhi kama surua na kuhara. Tangu hapo nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilianza kuwapa watoto vitamini hiyo kwa matone, na wataalamu wa kilimo wakahimiza viazi vitamu vya rangi ya machungwa, ambavyo vina karotini nyingi kama karoti na humea mahali ambapo karoti haimei.

Katika mkoa wa Tanga, machungwa ya Muheza hukua katika nchi ya chini yenye joto, na karoti hulimwa juu, katika baridi ya milima ya Lushoto. Hukutana sokoni katika meza moja, na mnunuzi mwenye fedha kidogo hulazimika kuchagua. Historia haimpi jibu la kusema kwamba hiki ni bora daima na kile ni duni. Humpa swali la kuuliza kabla ya kununua: nani atakula, na amekosa nini, na tangu lini? Mwenye mtoto mdogo nyumbani, ambaye chakula chake ni uji mweupe na ugali mweupe, ana sababu ya kuitazama karoti kwanza, au mchicha, matembele na maembe yaliyoiva, ambavyo hutoa vitamini ile ile. Mwenye kula vyakula vikavu miezi mingi, mbali na mboga mbichi na matunda, ana sababu ya kulitazama chungwa kwanza. Aliye na vyote viwili hana haja ya kushindanisha.

Wale waliokufa Malindi mwaka wa 1499 waliletewa machungwa kwa ukarimu, na machungwa yalikuwa mema. Upungufu haukuwa katika tunda. Ulikuwa katika miezi mitatu iliyotangulia, ambayo ndani yake hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mwili ulikuwa ukihesabu siku.